Milango ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mkubwa amepiga simu kabla sijamaliza chai. Mkubwa ni mtoto wa kwanza wa Fundi. Siku hizi ni meneja wa ghala la mabomba katika mji mwingine, na sauti yake imekuwa ya kimeneja. Hata salamu anaitoa kama anayepokea mzigo. Kumbukumbu ya baba yake ni Jumamosi. Watu watakuja nyumbani, watakaa, watakula, watasimulia maisha ya marehemu. Tulipomzika mwezi uliopita mvua ilitufukuza makaburini kabla mtu hajasema neno. Sasa yatasemwa.

Akaniambia nimepangiwa kusema. Nikashukuru. Nitasema kwa niaba ya marafiki, akaendelea, dakika tano, zisizidi.

Nikamwuliza nani atasema kwa niaba ya familia. Akasema yeye.

"Marafiki watakaa uani, kwenye viti vya plastiki. Familia sebuleni. Nimepanga hivyo tusibanane, Mzee."

Mzee! Mtoto huyu nimemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati. Aliniita Baba Mdogo mpaka alipoota ndevu, na baada ya ndevu pia, mpaka alipohamia kwenye mabomba.

Si kitu. Ni mpango wa viti tu. Mtu wa umri wangu, aliyesoma vitabu vyote hivi, hawezi kununa kwa ajili ya kiti cha plastiki.

Baadaye — nimenuna.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza hotuba. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nimeweka koma kwenye vitabu vya watu wengine mpaka macho yakachakaa. Leo ni zamu yangu, nami nimeandika sentensi moja: Marehemu alikuwa mtu wa watu. Nimeifuta. Katika matangazo yote ya vifo niliyoyasahihisha, kila marehemu alikuwa mtu wa watu. Sijapata kuona marehemu aliyekuwa mtu wa peke yake.

Afadhali niandike humu ilivyokuwa, halafu nione kipi kinafaa kupelekwa uani.

Nilipofika mji huu nilikuwa na sanduku moja, kamusi mbili, na suruali moja ya heshima iliyokatika kifungo. Sikujua mtu. Nilikotoka sikuweza kurudi, na hata sasa sina pa kurudi: mtaa wetu, nasikia, umepewa jina jingine, na palipokuwa nyumba yetu wanauza matairi. Kesho yake nilitakiwa kwenda kwenye usaili pale kiwandani. Nikaingia duka la kwanza lenye cherehani.

Fundi alikuwa mfupi, mpana, mdomo umejaa pini. Alinisalimu kwa nyusi. Akanionyesha niende nyuma ya kioo kikubwa, nikavua suruali, nikampitishia kwa juu. Hapo hapo jirani akaja anahema: mkeo amepelekwa hospitali, uchungu umemshika! Fundi akatema pini, akatoka mbio. Suruali yangu begani.

Nilikaa nyuma ya kile kioo asubuhi nzima. Wateja wakaja. Ningefanyaje? Mama mmoja aliulizia gauni lake. Nikatoa kichwa pembeni ya kioo, nikamwambia fundi ametoka kidogo, nikapokea ujumbe. Bwana mmoja alitaka koti lipunguzwe mikono. Nikamwambia aliache mezani. Mwingine alinipa pole kwa kazi. Fundi aliporudi alasiri, kichwa changu kilikuwa kimeshajulikana mtaani, kichwa peke yake.

"Nimepata binti," akasema. "Na suruali yako imeshuhudia."

Kifungo alikuwa amekishona kule kule hospitalini, kwenye benchi, akingoja. Akanilazimisha twende nikamwone mtoto. Muuguzi akauliza huyu ni nani, maana wanaingia ndugu tu. Fundi hakusita: mdogo wangu. Mimi ni mrefu kama nguzo ya umeme, na lafudhi yangu hata leo husikika kabla sijafika. Muuguzi akatukagua mmoja mmoja.

"Tumbo moja," Fundi akasema. "Ila huyu amenyooshwa pasi."

Basi nikawa mdogo wake. Hivyo tu. Hakuna aliyeuliza tena, na Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani kwao, na kila Jumapili baada ya hapo.

Binti ndiye Kitinda. Sasa ni mtu mzima, anauza dawa, na tukigombana hunikumbusha kwamba suruali yangu ina haki zaidi juu yake kuliko mimi, kwa kuwa ndiyo iliyomwona kwanza.

Hii nitaisimulia Jumamosi. Hata uani watacheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumjulia hali Shemeji, mjane wa Fundi. Mlango wa mbele: inua mpini, egemeza bega la kushoto, vuta pumzi, sukuma. Ukafunguka. Akaniambia kutoka jikoni kwamba alishajua ni mimi, mtu mwingine angegonga.

Hii milango niiandike vizuri, isije ikapotea.

Nyumba ile Fundi aliijenga kidogo kidogo. Ilipofika kwenye milango, seremala akawa kila siku anasema kesho. Fundi akachoka. Akasema mtu anayeweza kukata koti lenye kola, mifuko na bitana atashindwa na ubao ulionyooka? Akachukua futi yake ya kitambaa. Akapima matundu. Akachora mbao kwa chaki ya cherehani. Na kila upande akaongeza upana wa kidole — nafasi ya mshono! Hakufikiri. Mkono ulijiongezea wenyewe, kama ulivyofanya kwenye kila nguo tangu ujana wake. Alipogundua kwamba ubao haukunjwi ukingo, alikuwa ameshakata milango yote.

Akapunguza hapa, akaparua pale, akaigongagonga ikaingia. Tangu hapo kila mlango una tabia yake. Wa jikoni hupigwa teke chini. Wa chumbani uuvute kwanza ndipo uusukume, vinginevyo unasusa. Wa stoo uliingia siku ile ya kwanza na haujatoka. Hakuna anayejua kuna nini stoo. Wa msalani, ukivimba kwa unyevu, unataka watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, wanaoelewana.

Fundi hakuona haya hata kidogo. Alisema mlango unaomfungukia kila mtu ni wa kituo cha basi.

Nami alinitengenezea kabati. Halikuingia chumbani kwangu. Lipo kwenye ujia nje ya chumba mpaka leo, na mwenye nyumba wangu anaweka viazi kwenye droo ya chini. Mashati yangu yananukia shamba.

Shemeji amekonda. Anasema hajakonda, ila nguo zimetanuka. Ameniambia Mkubwa anataka kuleta seremala airande milango yote kabla ya wageni kufika. Amemjibu amlete tu, naye atamfungia stoo.

Akaniuliza nitasema nini Jumamosi. Nikasema bado natafakari. Habari ya uani sikumwambia. Kumwambia ni kushtaki, na kushtaki ni kuomba.

Humu naweza kusema. Ninachoogopa ni hiki. Fundi alinifanya ndugu kwa kinywa chake, na hakukuwa na kitu kingine: si damu, si ndoa, si kijiji kimoja. Alisema, ikawa. Sasa yeye hayupo wa kusema. Je, mimi ni nani kwao? Jumapili niende kula kama siku zote, au ningoje kualikwa kama watu wanaoalikwa?

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hotuba ina kurasa nyingi mno. Nimepunguza. Imekuwa fupi mno. Nimerudisha koma zote.

Ijumaa, 7 Machi

Mkubwa amewasili, na mchana amekuja kwangu kuiona hotuba. Viatu vinang'aa. Kwenye ujia akasimama mbele ya kabati.

"Bado lipo," akasema.

Akafungua droo ya chini, akatazama viazi, akaifunga taratibu kama mtu aliyefumania jambo.

Alikuwa na uchungu tayari. Seremala amekuja asubuhi. Ameutazama mlango wa mbele, wa jikoni, wa chumbani. Akauliza nani alifanya kazi hii. Akaambiwa fundi cherehani. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akaomba ruhusa awalete wenzake waje waone. Shemeji akamtimua kwa ufagio. Milango haikuguswa.

Mkubwa akasoma hotuba yangu amesimama. Alipofika kwenye suruali akanirudishia karatasi.

"Hii tuiache, Mzee."

Nikasema ndivyo ilivyokuwa. Akajibu hilo analijua. Kisha akakaa kitandani, na sauti ya kimeneja ikamtoka kabisa. Shuleni, alisema, aliitwa mtoto wa milango. Wenzake walikuja nyumbani kwa ajili ya kukwama tu, kwa zamu. Sasa kesho anakuja Mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, na anakuja mkuu wake wa kazi, mtu ambaye hajawahi kumwona akicheka.

"Baba amechekwa maisha yake yote. Siku moja tu nataka azungumzwe akiwa amevaa koti."

Yeye ndiye mtoto wake, na hajakosea kutaka hivyo. Nikakubali. Nilitaka kumwuliza habari ya kiti. Nikamwuliza habari ya barabara, akasema ni nzuri.

Suruali nimeiondoa. Bila suruali, hotuba inasema hivi: alizaliwa, akashona, akafa.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike upesi kabla sijasahau mpangilio wake, ingawa sidhani kama kuna atakayesahau.

Nilifika mapema. Mkubwa alikuwa mlangoni akipokea watu, na kila mtu alipewa mkono na kuelekezwa. Mimi nikaelekezwa uani. Kiti cha plastiki, mguu mmoja mfupi. Kushoto kwangu muuza mboga, kulia bwana mmoja aliyeninong'oneza akiuliza marehemu alikuwa nani hasa. Nikamweleza: mtu wa familia, rafiki, fundi hodari. Akafikiri.

"Yule wa milango?"

Nikasema ndiyo.

Kupitia dirishani niliona sebule. Shemeji hakuwa ameketi. Alikuwa anaingia na kutoka jikoni, maana hawezi kukaa watu wakiwa hawajala. Kitinda alikuwa kwenye kochi, amebana midomo. Karibu naye mkuu wa kazi wa Mkubwa, mkavu, mikono magotini kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mkubwa akasema neno la familia. Lilikuwa zuri. Marehemu alivaa koti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walitikisa vichwa. Nilitikisa pia, lakini nilijikuta najiuliza ni nani huyo anayesemwa, ningependa kumfahamu.

Kisha akamkaribisha Mwenyekiti. Kimya. Akamkaribisha tena, kwa vyeo vyake vyote. Kimya. Halafu, kutoka ndani kabisa ya nyumba, mlango ukagongwa — kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe.

Mwenyekiti alikuwa msalani. Na mvua ya Alhamisi ilikuwa imefanya kazi yake.

Mkubwa akaenda. Akasukuma. Akavuta. Akaegemeza bega la kulia! Amekaa kwenye mabomba mpaka amesahau mlango wa kwao. Mkuu wake akamfuata, akamshikia koti. Mwenyekiti, kwa sauti ya utulivu, akasema kutoka ndani kwamba wasihangaike, hapendi kuwacheleweshea watu ratiba, hotuba anayo mfukoni, na kwa idhini yao ataanzia hapo alipo.

Akaanza. Ndugu waombolezaji, akasema, na vigae vya msalani vikaipokea sauti yake vizuri kuliko kipaza sauti chetu. Uani hatukusikia vizuri. Mmoja akainuka, wa pili, halafu wote tukasogea, tukaingia, ujia ukajaa: wa sebuleni na wa plastiki, mabega kwa mabega. Mwenyekiti alisema marehemu alikuwa nguzo ya chama. Kila akimaliza sentensi alijaribu mpini. Alisema kazi ya marehemu ilikuwa imara. Kishindo. Imara mno, akaongeza.

Kitinda alikuwa ameshakaa chini, uso kwenye mtandio. Anaujua ule mlango kama vidole vyake, lakini kicheko hakikumwacha asimame. Mkubwa alimwambia ajiheshimu. Hilo likammaliza kabisa.

Hapo Shemeji akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatutazama wote.

"Baba Mdogo wenu yuko wapi?"

Mkubwa akajibu kwamba nilikuwa uani.

"Uani anafanya nini?"

Hata Mwenyekiti alikatiza sentensi yake.

"Nimeuliza. Anafanya nini uani, kama mtu aliyepita njia?"

Nilikuwa nyuma ya muuza mboga. Nikapita. Nikamwambia Mwenyekiti ashike mpini, auinue taratibu, kama anavyomwinua mtoto aliyelala. Akajibu kwamba yuko ukurasa wa pili, angependa kuumaliza. Shemeji akamwambia ataumalizia mezani. Basi akainua. Lakini lazima wa nje apige teke wakati huo huo, na mguu wangu siku hizi si wa mateke. Nikamwambia Mkubwa apige.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Pale chini, kona ya kulia, ubao umebonyea na kung'aa.

"Kiatu cha baba yako," nikasema.

Akapatazama kidogo. Akakunja suruali isikwaruzwe. Akapiga.

Mwenyekiti akatoka kama kifungo kwenye koti linalobana. Alimwangukia mkuu wa kazi, wakaenda wote mpaka ukutani, na kurasa zikamwagika. Tukawainua. Tukawapangusa. Mkuu wa kazi akaweka tai yake sawa, akauliza kwa adabu sana kama mlango ule umevimba.

Nilimtazama Mkubwa. Ningeweza kusema ndiyo, umevimba, unyevu. Nusu ya ukweli, yenye koti. Nilifungua kinywa. Lakini yeye alinitangulia.

"Si kuvimba tu. Baba aliacha nafasi ya mshono."

Akaeleza. Alianza kimeneja kabisa: vipimo, chaki, upana wa kidole. Alipofika kwenye mlango wa stoo, bega moja likatikisika. Likafuata la pili. Alipojaribu kutaja kitanda chake cha utotoni, kazi ya baba yule yule, ambacho ncha yake ilibidi itokezwe dirishani, naye akiamka asubuhi anakuta kuku wa jirani amelala miguuni, sauti ikamkatika, akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni karibu na dada yake, na viatu vyake vile. Na mkuu wa kazi — huyu niliyemwita mkavu! — akatoa mlio mmoja mwembamba, kama cherehani inayotaka mafuta, na haukukoma.

Baada ya hapo hakukuwa na ratiba. Kila mtu alisimulia alipokuwa amesimama. Muuza mboga alishonewa sketi yenye mfuko mgongoni, kwa kuwa Fundi alikuwa anasikiliza mpira. Bwana asiyemfahamu marehemu alicheka kuliko wote, na akatoa pole kwa familia nzima, akirudia. Mkubwa, bado sakafuni, akageuza uso kwangu.

"Ya suruali," akasema.

Nikaisimulia. Bila karatasi, kando ya mlango wa msalani. Sehemu ya mwisho Kitinda alininyang'anya, kama kawaida yake. Mwenyekiti alifuta macho kwa ukurasa wa pili.

Neno la marafiki halikusemwa. Hakuna aliyelikumbuka, hata mimi nimelikuta mfukoni nikivua koti.

Ningeishia hapo, siku ilikuwa nzuri. Lakini niwe mkweli. Wakati wa kuondoka Mkubwa alisimama tena mlangoni, akawapa watu mkono. Muuza mboga: asante kwa kuja. Mwenyekiti: asante kwa kuja. Na mimi: asante kwa kuja.

Nimetembea mpaka nyumbani nikilitafuna hilo. Ni maneno matatu tu, hayana kosa lolote. Nisingeweka hata koma.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi niliamua kungoja kualikwa. Nikanyoa. Nikavaa. Nikakaa. Simu nikaiweka mbele yangu, na kitabu juu yake ili nisiitazame. Haikulia. Nikala mkate, nikajiambia basi, ndivyo mambo yanavyokwisha, bila ugomvi, kwa adabu. Nikavua viatu.

Ikalia. Kitinda. Chakula kinapoa, naumwa?

Nikasema siumwi. Ila sikualikwa.

Akasema ngoja, akamwambia mama yake. Nilimsikia Shemeji kutoka mbali, kutoka jikoni nadhani, kupitia ukuta na mlango unaopigwa teke. Aliyoyasema siyaandiki, nimesoma vitabu vingi mno kuyaandika. Muhtasari: eti uzee umenipanda kichwani, eti alipika kwa ajili ya nani basi, na nikichelewa zaidi nitakula mwiko.

Nikavaa viatu.

Nimeandika hayo ya juu nyumbani, haya ya chini naandika kwao, daftari nimekuja nalo mfukoni. Nimejificha chumba cha cherehani. Sababu ni hii.

Tulikula vizuri. Shemeji alinigombeza kwa kutokuja, halafu kwa kula kidogo, halafu kwa shati kunuka viazi. Baada ya kula Mkubwa akaweka kijiko chini, akasema lazima tuzungumze. Asubuhi hii mama alikwama msalani. Alikwama mpaka yeye alipoamka. Je, kama asingekuwepo? Kitinda yuko kazini siku nzima, nyumba haina mtu. Kwa hiyo ama milango irandwe yote, ama mama ahamie kwake.

Shemeji akasema hakukwama. Alikuwa anapumzika.

"Msalani, Mama?"

"Sasa nipumzike wapi, nyumba imejaa wageni?"

Kitinda akamwunga mkono kaka yake, kisha mama yake, kisha akamlaumu kila mmoja kwa kumfanya achague. Sauti zikapanda. Mkubwa alisema anampenda mama yake na hawezi kulala akimfikiria nyuma ya ule mlango. Shemeji alisema ameishi na milango hiyo kuliko alivyoishi na wazazi wake, na anayetaka kuranda aanze kwa kuranda kichwa chake. Halafu akapiga meza.

"Baba yenu hayupo. Mdogo wake huyu hapa. Ataamua yeye, na akishasema basi."

Nilidhani Mkubwa atakataa. Alinitazama, amechoka, akasema sawa. Atakachosema.

Nikasema naenda kunawa mikono.

Na sasa nipo hapa, kati ya vipande vya vitambaa, natafuta sentensi. Mkubwa hana kosa. Shemeji hana kosa. Mimi ndiye nisiyefaa kuamua, kwa sababu nina changu ndani yake: akienda, Jumapili zimekwenda naye. Nikisema abaki, nitakuwa nimemsemea yeye au tumbo langu? Na milango ikirandwa ikawa laini, ikamfungukia yeyote anayepita — hilo pia sijui kama naliweza. Fundi angetoa mzaha hapa, wote wangecheka, na jambo lingekuwa limeamuliwa bila mtu kujua nani aliliamua. Mimi sina huo ufundi. Mimi najua koma.

Kitinda ananiita kutoka sebuleni. Nimemjibu mlango umekwama. Anasema chumba cha cherehani hakina mlango, baba hakuwahi kuumaliza.

Kweli.

Sasa amekuja mwenyewe, amesimama hapa anasoma juu chini, nimeweka mkono juu ya ukurasa. Anasema mama amesema nisipotoka ataamua yeye halafu atatangaza kwamba nimeamua mimi. Na Mkubwa naye anapaza sauti huko: "Baba Mdogo, acha utoto, njoo tumalize."

Nakuja. Nimwulize Kitinda wamekaaje, nijue nitaingilia upande gani. Anasema Kaka yuko huku, Mama yuko kule, hawatazamani, na kimebaki kiti kimoja tu, katikati yao —